Herufi moja tu

Nimetoka lekcha ya baiolojia kichwa kinawaka, wacha niwamegee.

Mwaka 2003 mradi wa kusoma jeni za binadamu ulitangazwa umekamilika, miaka 13 ya kazi. Sawa, ila mgonjwa alifaidika nini? Twende Milwaukee, Marekani, 2009. Mtoto wa miaka minne, kila akila utumbo unatoboka mpaka kwenye ngozi ya tumbo. Kaingia chumba cha upasuaji zaidi ya mara 100! Vipimo vya kawaida havikuonyesha kitu.

Madaktari wakaamua kusoma jeni zake zote. Zikatoka tofauti zaidi ya 16,000, wakachuja (mimi fildi, daftari 60 tu nilitaka kulia), ikabaki herufi moja kwenye jeni ya XIAP. Na hiyo jeni ilishahusishwa na ugonjwa tangu 2006! Ila ni ugonjwa wa kinga ya mwili, siyo wa tumbo, nani angewaza kuipima? Mwaka 2010 akapandikizwa seli za damu ya kitovu, baadaye akala kama wenzake.

Darasani walisifia mashine. Mimi nabisha: bila wale wa 2006, herufi ile wangeipita tu. Haya, nakimbilia foleni ya wali.