Kutoka Kitamil hadi Kimalayalam: Lugha ya Watu na Lugha ya Sala Katika Kerala

Tunapofundisha historia ya Kanisa katika Bara Hindi, hatukosi kuwataja Wakristo wa Mtakatifu Thoma walioko pwani ya Kerala. Ni mara chache, hata hivyo, tunapouliza walinena lugha gani nyumbani na sokoni, na lugha hiyo ilitoka wapi. Lugha hiyo ni Kimalayalam, na habari ya kutengana kwake na Kitamil yamhusu kila mhubiri.

Hapo kale pande zote mbili za milima ya Ghats zilitumia lugha moja ya ushairi na ya utawala, yaani Kitamil cha kale. Wafalme wa Chera, waliotawala upande wa magharibi, walisifiwa na malenga kwa Kitamil, na mapokeo yasema kwamba Ilango Adigal, mtunzi wa Cilappatikaram, alikuwa mwana wa ukoo huo. Mtamil asemapo kwamba Kerala ilikuwa nchi ya Kitamil, hasemi uongo. Lakini njia za kuivuka milima zilikuwa chache, na watu wa pwani walielekeza macho yao baharini. Usemi wa kila siku ukashika njia yake.

Badiliko lililo wazi kuliko yote ni la kitenzi. Kitamil humwonyesha mtendaji mwishoni mwa kitenzi, kama sisi tumwonyeshavyo mwanzoni tusemapo "alikuja" au "walikuja". Kimalayalam kiliviacha viambishi hivyo, hata neno moja, vannu, likatosha kwa "nilikuja", "alikuja" na "walikuja", mradi mtendaji atajwe. Sauti nazo zililainika: katika vandaan ya Kitamil, maana yake "alikuja", ile nd imekuwa nn.

Badiliko la pili lilitoka juu, kwa wasomi. Wabrahmani wa Kerala walichanganya usemi wa nchi na Kisanskriti katika mtindo ulioitwa manipravalam, yaani vito na marijani. Katika karne ya 14 kitabu cha Lilatilakam kiliutungia mtindo huo sarufi, na ajabu ni kwamba sarufi hiyo iliandikwa kwa Kisanskriti! Karne ya 16 Thunchaththu Ezhuthachan alitunga Ramayana yake kwa Kimalayalam kilichoweza kusomwa na kuimbwa nyumbani mwa watu, na jina lake limefungamana na herufi zinazobeba sauti zote za Kisanskriti. Kitamil kilibaki na herufi zake chache. Tangu hapo hata macho yaliweza kuzitenga lugha hizi mbili.

Kanisa lilikuwa wapi wakati huo wote? Lilikuwapo tangu mwanzo wa maandishi yenyewe. Mwaka 849 Ayyan Adigal, mtawala wa Venad, alilipa kanisa la Kollam ardhi na haki za biashara, na hati yake ikachorwa juu ya mabamba ya shaba. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kimalayalam tuliyo nayo. Mashahidi walitia majina yao kwa Kiarabu, kwa Kiajemi cha kale, na kwa Kiajemi kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Basi haki za kanisa ziliandikwa kwa lugha ya nchi, lakini ibada iliendelea kwa Kisiria. Injili nne kwa Kimalayalam zilichapwa Bombay mwaka 1811 tu. Kati ya hati ile na Injili hizo imepita miaka 962, na kwetu sisi hilo ni jambo zito kuliko ubishi wote wa wanasarufi.

Wageni nao walichelewa kuitambua tofauti. Kitabu cha Kikristo kilichochapwa Kollam mwaka 1578 kilikuwa cha Kitamil. Ziegenbalg, Mlutheri mwenzetu aliyefika Tranquebar mwaka 1706, alijifunza Kitamil, nao wamisionari wa huko walikiita Kimalabari, jina la pwani nyingine kabisa. Benjamin Bailey wa Kottayam alitoa Agano Jipya la Kimalayalam mwaka 1829 na Biblia nzima mwaka 1841. Hermann Gundert wa Misioni ya Basel aliandika sarufi na kamusi yake kubwa ya mwaka 1872.

Limebaki swali linalowasha hasira hadi leo: je, Kitamil ni mama au ni dada? Robert Caldwell, mmisionari pia, aliandika mwaka 1856 kwamba Kimalayalam ni chipukizi la Kitamil. Wengi wa Kerala hawakupendezwa. Mwaka 2004 serikali ya India ilikitambua Kitamil kuwa lugha ya fasihi ya kale, na Kimalayalam kikapata heshima hiyo mwaka 2013, si bila mabishano. Kwa maoni yetu swali limewekwa vibaya. Kitamil cha leo nacho si kile cha malenga wa Chera. Wote wawili wameondoka katika nyumba ile ya kale, ijapokuwa mmoja ameendelea kulitumia jina lake.

Tarehe 1 Novemba 1956 mipaka ya jimbo la Kerala ilikatwa kwa kufuata lugha, na wilaya za kusini zenye wasemaji wengi wa Kitamil zikapewa Madras. Mabamba ya Kollam yako bado, ila yamegawanyika: mengine yatunzwa Kottayam na mengine Tiruvalla, mikononi mwa makanisa mawili yaliyotengana katika karne ya 19, ambapo mojawapo ya hoja ilikuwa kuadhimisha Meza ya Bwana kwa Kimalayalam.