Mnara wa Lewis na ardhi waliyoahidiwa askari

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, kisiwa cha Lewis, kaskazini-magharibi mwa Uskoti, kilikuwa na watu wapatao 29,000. Zaidi ya 6,000 walikwenda vitani, wengi wakiwa mabaharia, na takriban 1,000 hawakurudi.

Pigo zito zaidi lilikuja vita vikiwa vimekwisha. Usiku wa kuamkia Januari 1, 1919, meli Iolaire, iliyokuwa ikiwarudisha mabaharia makwao, iligonga miamba ya Holm karibu kabisa na bandari ya Stornoway. Zaidi ya watu 200 walikufa maji, nchi kavu ikiwa hatua chache tu mbele yao. Mjenzi wa boti kutoka Ness, John Finlay Macleod, alijitosa na kamba akaogelea hadi pwani. Wapatao 40 waliokolewa kwa kamba hiyo.

Wanakisiwa walitaka kumbukumbu moja ya wote. Wakachagua kilima cha Cnoc nan Uan, nje kidogo ya Stornoway, kwa kuwa kinaonekana kutoka angalau sehemu moja ya kila parokia kati ya nne za kisiwa. Mnara ulijengwa kwa mawe, mita 26 kwenda juu, ukazinduliwa Septemba 1924.

Mzinduzi alikuwa Lord Leverhulme, tajiri wa sabuni ya Sunlight, aliyekinunua kisiwa mwaka 1918. Wakongo wanamfahamu: kampuni yake ilianza biashara ya mawese Kongo mwaka 1911, na Lusanga ya leo iliitwa Leverville. Kisiwani Lewis alikuja na mipango mikubwa ya uvuvi na viwanda. Lakini askari walikuwa wameahidiwa ardhi, na ardhi ndiyo waliyoidai. Alipokataa kuyagawa mashamba ya Coll na Gress, waliyavamia wakajigawia viwanja. Aprili 1923 vijana wapatao 300 walikata tamaa wakapanda meli Metagama kwenda Kanada. Kwangu mimi, kumpa mtu huyo heshima ya kuzindua mnara wa wenzao kulikuwa kuwaongezea uchungu.

Miaka ya 1970 mnara haukuwa salama tena, hivyo vibao vya shaba vyenye majina vikatolewa ndani na kubandikwa kwenye mawe yaliyosimamishwa nje. Miaka ya 1990 wavamizi wa mashamba ya Coll na Gress nao walijengewa kumbukumbu ya mawe. Anayepanda Cnoc nan Uan asiondoke kisiwani kabla ya kufika na huko.