Tiba ya Mbali na Utafiti wa Karibu

Katika nyanda za juu za Mbulu na mbuga za Hanang, makazi ya Wairaqw na Wadatoga, sifa ya tiba ilisafiri masafa marefu zamani kabla ya simu. Mwanaanthropolojia Ole Bjørn Rekdal wa Norwei, aliyeishi miongoni mwa Wairaqw, alieleza mwaka 1999 kuwa mganga wa kabila jingine alipewa imani kubwa hasa kwa sababu ya ugeni wake, na ndiyo maana watu walikwenda hadi kwa Waihanzu, upande wa Singida, kutafuta mvua na uponyaji. Kwa mantiki hiyo, hospitali ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari Walutheri wa Norwei mwaka 1955, haikuvunja mila. Iliingia ndani yake. Mwaka 2011 maelfu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, njia ilikuwa ile ile, ila sasa simu ya mkononi ilikuwa imeiharakisha.

Janga la UVIKO-19 liliiingiza sayansi yenyewe katika mkondo huo. Machi 2020 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walitoa makala kuhusu haidroksiklorokwini, dawa ya jamii ya klorokwini iliyokuwa imezoeleka Tanzania kwa malaria hadi 2001, wakitegemea wagonjwa 36 tu ambao hawakugawanywa kwa kura kati ya waliopewa dawa na wasiopewa. Donald Trump aliisambaza, na makala ikapanda juu katika vipimo vya mvumo, yaani hesabu za mara ambazo utafiti umetajwa mitandaoni, ambazo (ajabu yake) humhesabu anayesifu sawa na anayekanusha. Juni 2020 jaribio kubwa la Uingereza lilionyesha kuwa dawa hiyo haipunguzi vifo, na Desemba 2024 makala ikafutwa. Tanzania nayo iliacha kutangaza takwimu Mei 2020, wagonjwa wakiwa 509, hivyo msomaji wa Hanang au Mbulu alibaki na habari za mbali bila hesabu ya kwao ya kuzipimia.

Utafiti wa nyumbani haukukosekana. Mwaka 2004 mtafiti Helena Ngowi na wenzake walichapisha kuwa asilimia 17.4 ya nguruwe waliopimwa wilayani Mbulu walikuwa na viluwiluwi vya tegu, mnyoo ambao viluwiluwi vyake vikifika kwenye ubongo wa binadamu huweza kusababisha kifafa. Utafiti huo haukupata mvumo kama ule wa Marseille, lakini ulifuatiwa na jaribio la elimu ya afya vijijini, kuhusu matumizi ya vyoo, ufugaji wa nguruwe bandani na ukaguzi wa nyama kabla ya kuliwa.