Philip Ndunguru, mchoraji wa Lodi Lofa na Pimbi

Wadau, hapa Mbeya na kule Iringa bado wapo wanaotaniana kwa majina ya Lodi Lofa, Pimbi au Madenge. Ukiwauliza aliyewachora hao jamaa, wengi wanabaki kukutazama tu. Jina lake ni Philip Ndunguru, na leo naomba tumkumbuke.

Katuni Bongo hazikuanzia kwake. Enzi za mkoloni kulikuwa na jarida la serikali, Mambo Leo, lililoanza 1923. Kenya, Edward Gitau alikuwa na Juha Kalulu wake tangu miaka ya 1950. Baada ya uhuru, Christian Gregory akatuchekesha na Chakubanga ndani ya gazeti la Uhuru, gazeti la chama.

Ndunguru alichora kwenye Sani. Kwa wale msiojua, jina hilo limetokana na waanzilishi wake wawili: Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Chukua Sa, ongeza Ni, umepata Sani.

Humo akatuletea kundi zima la watu. Ndumilakuwili, tapeli mwenye jina la yule nyoka wa vinywa viwili. Lodi Lofa, jina lenyewe mzaha: lodi ni bwana mkubwa, lofa hana hata senti. Dk. Love Pimbi, mfupi na mambo yake ya mapenzi. Madenge, mtoto mtundu. Na Kipepe, ambaye kwa siasa za wakati ule aliitwa Komredi.

Hawakuwa mashujaa hata mmoja. Walikuwa watu wa mtaani wanaohangaika, wanadanganyana, wanaumbuka, kesho wanaanza upya. Miaka ile ya foleni za sukari na sabuni, nadhani ndiyo maana watu waliwapenda: kila mtu alimjua Lodi Lofa wa mtaani kwake.

Karatasi nazo zilikuwa shida. Kiwanda cha Mgololo, kule Mufindi, Iringa, kilianza kuzalisha 1985 tu. Ndiyo maana nakala moja ilizunguka mikono kibao mpaka ikachanika, na kusomewa wasiojua kusoma.

Mwaka 1986 Ndunguru akafariki, bado kijana. Wahusika wake hawakuzikwa naye. John Kaduma na wachoraji wengine waliendelea kuwachora, ndiyo maana hata sisi tuliokuja baadaye tukawakuta wako hai. Ni heshima kubwa kwa msanii. Lakini hapo hapo ndipo jina lake lilipoanza kufifia, kwa kuwa msomaji alimwona Pimbi yule yule na hakuwa na sababu ya kuuliza mkono ni wa nani.

Linaloniuma ni kwamba nakala za zamani zinaishia kufungia karanga na maandazi. Mimi binafsi nimeshawahi kupewa vitumbua ndani ya ukurasa wa namna hiyo. Zikiisha hizo, tutabaki na majina ya utani tu, bila michoro na bila mchoraji.

Kwa hiyo wadau, mwenye Sani za kabla ya 1986 kwenye sanduku la mzee, tafadhali usizichome. Zipige picha, uandike na tarehe yake. Na mwanao akicheka, mwambie: huyu alichorwa na Philip Ndunguru.

Nawakilisha. Wenye kumbukumbu, karibuni kwenye maoni.