Marsala, Mji wa Bandari na Divai

Ukiitazama ramani ya Sisilia utaona kuwa kisiwa kile kina pembe tatu. Katika pembe ya magharibi, upande unaoielekea pwani ya Tunisia, umejengwa mji uitwao Marsala. Nakualika, msomaji wangu, tuutembelee pamoja, kwa kuwa ni mji mdogo ambao mambo makubwa yameupitia. Sikuiti kuonja divai yake. Nakuita utazame jinsi divai ilivyoubadili mji, na jinsi siku moja ilivyosaidia kuibadili nchi nzima.

Jina lenyewe ni hadithi. Ikiwa umepata kujifunza Kiarabu, neno marsa si geni kwako. Maana yake ni bandari, mahali pa kutia nanga. Waislamu waliovuka kutoka Afrika ya Kaskazini waliingia Sisilia mwaka 827, na jina la sasa latokana na lugha yao. Wengine husema asili yake ni Marsa Ali, wengine Marsa Allah. Kabla yao mji uliitwa Lilybaeum. Watu wa Carthage ndio walioujenga, baada ya kisiwa chao cha Motya, kilicho karibu, kuteketezwa na Dionysius wa Syracuse mwaka 397 K.K. Warumi waliuzingira tangu mwaka 250 K.K. wasiweze kuuvunja, walikabidhiwa kwa mkataba tu, baada ya Carthage kushindwa baharini mwaka 241 K.K.

Sasa twende ufukoni. Utayaona majengo marefu yenye kuta nene na ua mpana katikati, ambayo wenyeji huyaita baglio. Humo ndimo mapipa ya divai yalimowekwa, yamepangwa safu kwa safu kama wasalio msikitini. Ukimwuliza mwenyeji ni nani aliyeianzisha biashara hii, huenda akakutajia Mwingereza John Woodhouse, mfanyabiashara wa Liverpool. Yasimuliwa kwamba mwaka 1773 dhoruba iliilazimisha marikebu yake kuingia bandarini, akaonja divai ya mahali pale, ikampendeza. Aliona inafanana na divai za Ureno na Hispania ambazo Waingereza walizipenda sana, naye akapeleka mapipa kwao. Ili isiharibike katika safari ndefu, alitia ndani yake kiasi cha mvinyo mkali uliotokana na zabibu.

Hadithi hii ni tamu, lakini isome kwa uangalifu. Mara nyingi husemwa kuwa Woodhouse ndiye aliyeivumbua divai ya Marsala. Sikubaliani na neno hilo. Mizabibu ilikuwako, mapipa yalikuwako, na wakulima walikuwa na desturi yao ya zamani: kila mwaka huteka divai kidogo katika pipa kuukuu, kisha hulijaza kwa divai mpya, hata pipa lisiwe tupu kamwe, bali divai kongwe ikaifundisha changa. Ladha aliyoionja Mwingereza ilikuwa kazi ya mikono ya watu hao, ambao majina yao hayakuandikwa juu ya lango lolote. Alicholeta yeye ni soko, na soko si jambo dogo. Mwaka 1800 Nelson, amiri mashuhuri wa Uingereza, aliagiza mapipa 500 kwa ajili ya mabaharia wake. Baadaye akaja Benjamin Ingham, Mwingereza mwingine, na mwaka 1833 Vincenzo Florio, huyu akiwa Mwitalia, akajenga ghala zake kati ya zile za wageni.

Ghala hizo zilikuwa na kazi nyingine ambayo hapana aliyeikusudia. Tarehe 11 Mei 1860, meli mbili za moshi, Piemonte na Lombardo, zilifika Marsala zikiwa na Giuseppe Garibaldi na watu wake wapatao elfu moja. Walikuja kumpigania mfalme wa Piedmont na kuutoa utawala wa Wabourbon wa Naples. Kumbuka kuwa walikuwa wachache, na silaha zao zilikuwa mbovu. Manowari za Naples zilikuwa karibu, na Lombardo ilikuwa imekwama mchangani. Lakini bandarini zilikuwako manowari mbili za Kiingereza, Argus na Intrepid, zilizokuja kulinda mali ya wafanyabiashara wa divai, na bendera ya Uingereza ilipepea juu ya ghala zao. Nahodha wa Naples akasita. Je, kombora likiangukia pipa la Mwingereza, nani angejibu? Alipokata shauri kupiga, wengi wa askari wa Garibaldi walikuwa wamekwisha kushuka. Tarehe 7 Septemba aliingia Naples, na mwaka 1861 ukatangazwa ufalme wa Italia. Sisemi kwamba divai ndiyo iliyoiunganisha Italia. Ushujaa wa watu haupimwi kwa pipa. Lakini zile dakika za kusita zilikuwa na thamani kubwa.

Tarehe hiyo hiyo, 11 Mei, ilirudi kwa ukatili mwaka 1943. Ndege za Uingereza na Marekani ziliupiga mji kwa mabomu, mamia ya raia wakafa, na nyumba na ghala zikabomoka. Safari hii hapakuwa na bendera ya kumsitisha mtu.

Divai yenyewe ilipata kuporomoka sifa, kwa kuwa watengenezaji waliichanganya na mayai, kahawa na vikolezo vya kila namna, hata sheria za mwaka 1969 na 1984 zikaamua ni kitu gani kistahili kuitwa Marsala.

Kabla hatujaondoka, ingia Baglio Anselmi, jengo la divai la zamani ambalo sasa ni makumbusho. Pale yalipokuwa mapipa utaona mabaki ya marikebu ya Carthage, iliyogunduliwa baharini mwaka 1971 na kufukuliwa na Honor Frost na wenzake. Inama uzitazame mbao zake. Fundi wetu wa Lamu huunda jahazi kwa jicho na mazoea. Mafundi wa Carthage walichora herufi za alfabeti yao juu ya mbao, ili kila ubao ujulikane mahali pake. Herufi hizo bado zasomeka.