Walioulizwa na Wasioulizwa

Kanisa letu lilipobaki bila mchungaji, wazee waliniita niwasaidie kuandaa karatasi ya maswali. Kila mshirika angeulizwa anataka mchungaji wa namna gani: awe na umri gani, elimu gani, na kazi ipi aitangulize, mahubiri, vijana au wagonjwa. Nilidhani ni kazi ya jioni mbili tatu. Lakini nilipokuwa nikiandika maswali yale, nilikumbuka kwamba wako Wakristo waliopoteza nyumba na mishahara yao kwa ajili ya haki hiyo ya waumini kuulizwa.

Huko Uskoti, sheria iliyopitishwa mwaka 1712 na Bunge la London iliwarudishia wenye mashamba makubwa haki ya kuteua mchungaji wa parokia. Waumini walitia sahihi barua ya kumwita, lakini barua hiyo haikuwa na nguvu. Mwaka 1834 Mkutano Mkuu wa Kanisa la Uskoti uliamua kwamba wengi wa wakuu wa familia wakimkataa mteuliwa, asiwekwe. Mwaka huohuo jambo hilo likajaribiwa katika parokia ya Auchterarder. Lord Kinnoull alimteua Robert Young. Waumini wawili tu walitia sahihi barua ya kumwita. Kati ya wakuu wa familia 330, waliomkataa walikuwa 287.

Young hakukubali, akaenda mahakamani. Mwaka 1838 akashinda, na mwaka uliofuata Bunge la Malodi likathibitisha hukumu hiyo. Maana yake ilikuwa kwamba kutotakiwa na waumini si sababu ya kumzuia mteule wa bwana shamba. Tarehe 18 Mei 1843, mjini Edinburgh, wachungaji wakatoka mkutanoni wakiongozwa na David Welsh na Thomas Chalmers. Kwa jumla zaidi ya wachungaji 450 waliacha makanisa, nyumba na mishahara, wakaanzisha Kanisa Huru. Sheria ile ya uteuzi haikufutwa hadi mwaka 1874.

Basi nilijiona nimeshika kitu cha thamani mkononi. Lakini, ndugu msomaji, kuna jambo katika hesabu ile ya Auchterarder ambalo halikunigusa mpaka baadaye. Wakuu wa familia wale 330 wote walikuwa wanaume. Hata waliopigania haki ya waumini hawakuwahesabu akina mama waliojaza mabenchi yao.

Karatasi zetu ziliporudi, wengi walikuwa wametaka mhubiri hodari. Wazee wakafurahi, wakataka kufunga hesabu. Jumapili hiyo nilikutana mlangoni na bibi mmoja ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyefagia kanisa.

"Shikamoo bibi. Karatasi yako sijaiona."

"Marahaba, mwanangu. Ninayo nyumbani, nimeiweka ndani ya Biblia. Sasa nani atanisomea?"

Niliona haya. Biblia ile nayo alikuwa akisomewa na mjukuu wake. Nikamwuliza palepale anataka mchungaji wa namna gani. Akafikiri kidogo, akasema, "Anayejua njia ya kwangu."

Niliwaomba wazee wiki tatu zaidi. Mmoja wao alikasirika, akasema tunachelewesha kazi ya Mungu. Hata hivyo tulizunguka nyumba kwa nyumba, tukikaa na wasiosoma, wagonjwa na wale wasiopenda kuandika. Tulipomaliza, mahubiri hayakuwa ya kwanza tena. Kuwatembelea watu ndiko kulikotangulia, tena kwa mbali.

Kama tungefunga hesabu Jumapili ile, tungesema kwa moyo safi kwamba tumewauliza watu wote, na tungekuwa tumesema uongo. Tangu hapo kila ninapoletewa majibu ya watu, kabla ya kuyahesabu, huuliza kwanza ni nani ambaye karatasi yake bado imo ndani ya Biblia.