Nyumba ya Lodwar haikuwa jela

Ukifika Lodwar na kuulizia nyumba aliyokaa Mzee Jomo Kenyatta, si ajabu ukaambiwa, "Hapo ndipo alipofungwa jela." Wasomi wengi huupita mji huo bila kuuliza. Turkana kwao ni Nariokotome, alikofukuliwa mvulana wa kale mwaka 1984 baada ya Kamoya Kimeu kuona kipande cha fuvu. Haki yao. Ila nyumba hii, ambayo sasa ni turathi ya taifa, ina la kutufunza kuhusu lugha yetu, kwa maana haikuwa jela.

Jela ilikuwa Lokitaung, kaskazini zaidi. Huko Kenyatta alitumikia kifungo alichohukumiwa Kapenguria mnamo Aprili 1953: miaka saba na kazi ngumu. Kifungo, baada ya kupunguzwa, kiliisha Aprili 1959. Sasa, mtu akimaliza kifungo si huenda kwao? Yeye aliletwa Lodwar, akapewa nyumba, Mama Ngina akaungana naye, na akaamriwa asiondoke. Hakuwa mfungwa tena. Alikuwa kizuizini.

Hebu tulipime neno hilo. Jela, korokoro, gereza, yote yana ukuta. Gereza tulilipata kwa Wareno, ambao igreja kwao ni kanisa. Nayo Ngome ya Yesu, Mombasa, waliyoijenga wao, ilikuja kutumiwa na Waingereza kama gereza hadi 1958. Kizuizi si lazima kiwe na ukuta. Kibaya zaidi, hakina tarehe ya kutoka. Mfungwa huhesabu siku. Aliyezuiliwa ahesabu nini? Mwaka 1960 Gavana Patrick Renison alimwita Kenyatta kiongozi wa kuelekea giza na mauti, akakataa kumwachilia. Machi 1961 viongozi wa Kanu na Kadu walifunga safari hadi Lodwar kumwona. Baadaye akahamishiwa Maralal, na Agosti akawa huru.

Ungedhani mtu aliyeonja hayo angelizika neno hilo. Wapi! Mwaka 1969, chini ya serikali yake mwenyewe, Jaramogi Oginga Odinga aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa.

Kuna jambo ambalo hadithi ya Mzee hulifunika. Sheria ya wilaya maalumu ya 1934 iliwabana hata Waturkana wenyewe, wasio na kesi wala kosa: kuingia kulitaka kibali, kutoka nako vilevile. Kwa hiyo Kenyatta aliwekwa kizuizini ndani ya kizuizi, na majirani zake hawakuandikwa gazetini.

Kutoka nyumba hiyo hadi Kakuma ni mwendo wa kilomita 120 hivi. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992, na wapo waliozaliwa humo ambao sasa wana watoto wao. Hakuna anayewaita wafungwa, na kweli si wafungwa. Tunasema wanaishi kambini, ingawa kambi kwa kawaida ni mahali pa kulala siku mbili tatu ukaondoka. Mkimbizi akitaka kwenda Kitale au Nairobi, sharti aombe kibali cha kusafiri. Akikipata, atapanda gari na kuteremka kusini, na njiani polisi watalisimamisha, abiria watoe vitambulisho na yeye atoe karatasi yake. Pale waliposimama polisi, dereva na abiria wote hupaita kizuizi.